Bomba la Vipande Viwili

Jumamosi, 4 Juni

Siku ya tisa ya ndoa! Bado nahesabu. Dada aliniambia kwa simu nitachoka nikifika ya ishirini. Yeye aliolewa na karani, hajui.

Leo jiko limefika. La chuma, jeusi, fupi, zito kama fahali, la kuni na makaa, na tundu la bomba mgongoni. Zawadi yangu ya harusi. Wengine hupewa pete — mimi nimepewa pete na moto. Siku ya posa mume wangu aliwaambia wazee wangu kwamba mke wake hatatetemeka kwa baridi hata usiku mmoja. Hivyo ndivyo alivyo. Alianza kunipenda nikiwa upande wa pili wa kaunta ya bucha lake, naomba robo kilo, ananikatia isiyo na mfupa. Miezi minne ya nyama isiyo na mfupa, ikawa ndoa.

Jiko lilimponyoka mpagazi mmoja, likagonga ngazi, mguu ukapinda kidogo. Mume wangu akamzaba kofi moja tu. Yule mtu alikaa chini katikati ya njia, damu puani, anatazama viganja vyake. Wenzake wakaliingiza jiko ndani taratibu kama wamebeba mgonjwa.

Nilishtuka. Halafu — niandike ukweli, hapa hasomi mtu — nilijisikia fahari. Mwanaume anayepigania hata mguu wa jiko langu! Aliponishika kiuno, mkono ulikuwa bado una joto la lile kofi.

Jumapili, 5 Juni

Fundi wa majiko anaitwa Fundi Rula. Jina la utani. Hupima kila kitu, hata kikombe cha chai alikisogeza mbali na ukingo wa meza. Nilicheka kimoyomoyo.

Akatandika matofali chini ya jiko. Akalisogeza mbali na ukuta, futi moja na nusu. Nyuma yake akagongomea bati, akaacha nafasi ya vidole viwili kati ya bati na ukuta ili hewa ipite. Mume wangu alitaka jiko liegemee ukuta kabisa, kitanda kipate nafasi. Fundi akasema ukuta una mbao ndani, na mbao inayokaangwa kila siku kuna siku huwaka yenyewe. Hapo mume wangu alikubali, lakini kidevu chake kilikuwa kimeanza kucheza.

Halafu likaja la bomba. Vipande vinavyotakiwa ni vitatu. Fundi alikuja na viwili, cha tatu kiko kwa mchomeleaji mpaka Jumatano. Lazima bomba lipite mgongo wa paa kwa futi mbili, la sivyo upepo utaukandamiza moshi na kuupeleka dirishani kwa Mama.

Maana nyumba hii ni moja. Aliijenga marehemu baba mkwe, na baada ya msiba wakajenga ukuta katikati. Upande huu sisi. Upande ule Mama mkwe na pumu yake, pamoja na Shemeji, kaka mkubwa wa mume wangu. Shemeji hajaoa. Ni fundi viatu, anafanyia kazi humo humo ndani, nyundo yake mchana kutwa.

Fundi akaanza kukusanya vifaa, atarudi Jumatano. Mume wangu akasema mke wake atalala na moto leo. Fundi akasema leo haiwezekani, bwana mdogo. Basi mume wangu akamshika kola akamgongesha kichwa kwenye bomba. Mara mbili. Bomba lilitoa mlio kama kengele ya shule. Mzee wa watu akafunga vile vipande viwili na kofia ya bomba juu yake, damu inamchirizika kutoka sikioni hadi shingoni, bado anapima! Bado anapima.

Kabla ya kuondoka alinong'ona nami. Wewe umesoma, alisema, shika haya. Dirisha libaki wazi upana wa kiganja. Kuni ziwe kavu. Majivu yatiwe kwenye debe lenye kifuniko, hata yakionekana yamekufa. Kidirisha cha masizi, hapa kwenye kiwiko cha bomba, kifunguliwe kila mwezi na kukwanguliwa. Na bomba lisizibwe kamwe. "Kuni zitakuonya kwa moshi, binti yangu. Makaa hayaonyi."

Usiku moto wetu wa kwanza. Mwanga ukutani, miguu yangu juu ya miguu yake. Kama kuna pepo, ina jiko.

Jumanne, 7 Juni

Mama mkwe amekohoa usiku kucha. Tunamsikia ukutani. Moshi wetu unashuka moja kwa moja dirishani kwake, kama alivyosema fundi.

Asubuhi Shemeji alibisha hodi. Kwa adabu kabisa. Akaniomba radhi kwa kusumbua maharusi, akaomba tusiwashe mpaka kipande cha tatu kije. Mume wangu alikuwa ananyoa. Alitoka na povu nusu ya uso, akamuuliza kakaye tangu lini anakuja kuzungumza na mke wa mtu mlangoni. Shemeji akatabasamu, akamwambia anyoe kwanza upande wa pili.

Ngumi ilitua kwenye lile tabasamu. Jino lilianguka hapa kwenye kizingiti. Nimelifagia mimi.

Jirani, mama muuza chai wa ng'ambo ya njia, akapaza sauti ili wote tusikie: ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Kisha akaendelea kumimina chai yake.

Mume wangu ameniambia alifanya vile kwa wivu tu. Wivu! Juu yangu!

Alhamisi, 9 Juni

Jana Jumatano imepita. Fundi Rula hakuja, wala asingekuja.

Jioni nilimkumbusha mpenzi kipande cha tatu. Nilisema kwa upole, nikiwa nimekaa mapajani mwake. Akauliza nani amenituma. Akanishika kifundo cha mkono, akakaza, akakaza, anazungumza polepole, hata hajapandisha sauti. Leo nina bangili ya zambarau.

Asubuhi alipoiona alilia. Machozi kabisa. Akaibusu yote mzunguko, akaenda bucha akarudi na ini laini la kwanza la siku. Tumekula mimi na yeye sahani moja.

Nimevaa mikono mirefu. Baridi ipo hata hivyo.

Jumamosi, 11 Juni

Shemeji amepanda juu ya paa na nyundo yake ya viatu. Mama alikuwa amezimia alfajiri, ndiyo maana. Akaigonga kofia ya bomba mpaka ikang'oka, ikabingirika kwenye bati, ikaanguka uani. Alipaza sauti kwamba mvua ikiingia mtauzima moto wenyewe.

Mume wangu alimsubiri aanze kushuka. Alikwenda akaitikisa ngazi. Shemeji alidondoka juu ya rundo la kuni zetu. Nikadhani yameisha. Yakaanza mateke, ya mbavu, bila haraka, kama anavyoponda mifupa kazini. Saba. Nimeyahesabu nikiwa nimeshika sufuria. Mama alitoka kwa kushika ukuta, akalala juu ya mwanawe, ndipo mume wangu akaacha.

Usiku aliniambia ananipenda kuliko wote waliomo duniani. Namwamini. Ndiyo shida.

Jumatatu, 13 Juni

Mvua tangu alfajiri. Bomba halina kofia, maji yanashuka ndani ya jiko tiki tiki. Chini kumekuwa na tope la majivu. Kutu imeanza.

Mume wangu alikwenda bucha gizani, hakuona. Nikajiambia akirudi akaona jiko lina maji, atakumbuka nani aliyeivunja kofia. Atavuka kwenda upande ule. Na Shemeji bado amefungwa kitambaa mbavuni.

Basi nikafungua kidirisha cha masizi, nikasokomeza gunia kwenye bomba, nikalikaza kwa mwiko. Maji yakakoma. Nikapangusa jiko, nikalipaka mafuta, likang'aa. Najua alivyosema fundi. Lakini mwashaji ni mimi, kila siku mimi, na nitalitoa kabla ya kuwasha. Leo tulijifunika mablanketi mawili. Nilimwambia nataka joto lake, sitaki la jiko. Alifurahi mno!

Jumanne, 14 Juni



Nilikwenda kusaga unga. Foleni ndefu. Mvua ilifukuza wateja, mume wangu akafunga bucha mapema, akarudi amelowa. Akaomba makaa ya moto kwa mama muuza chai, debe zima, tayari mekundu, hayana hata uzi wa moshi. Akayamwaga jikoni. Akafunga dirisha, akatia komeo mlangoni kuzuia upepo. Akajilaza anisubiri.

Nimekuta mlango umepasuliwa kwa shoka. Shemeji anamburuta mume wangu uani kwa makwapa, huku mwenyewe analia kwa maumivu ya mbavu. Alisikia kitu kizito kikianguka upande wetu. Akaita, hakuitikiwa. Akachukua shoka kwenye rundo la kuni.

Mume wangu alikuwa na midomo myekundu kama ya mtoto. Nilimpiga mashavu. Nilimwita majina yote ninayomwita kitandani, mbele za watu. Akatapika. Akafumbua macho.

Cha kwanza alichoona ni kaka yake na shoka.

Nilikuwa niseme gunia ni langu. Mdomo ulikuwa wazi kabisa. Lakini alikuwa anapumua, nikashukuru, nikanyamaza.

Jumatano, 15 Juni

Amelipata gunia. Alifungua kidirisha cha masizi mwenyewe, akalivuta, akalikunjua sakafuni kama ngozi ya mnyama. Akasema hili limetumbukizwa kutoka juu. Nani alipanda juu ya paa langu?

Nikasema, "Mume wangu, subiri."

Akasema, "Wewe usimtetee."

Akachukua chuma cha kuchochea moto. Nilimshika shati, likabaki mkononi mwangu. Shemeji alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, kiatu cha mtoto wa shule mapajani. Alinyanyua mikono kujikinga uso. Mikono yote miwili. Nilisikia vidole vikivunjika, nadhani watu wa njia nzima walisikia. Kisha taya. Kisha alipokwisha kuanguka, mikono tena, juu ya sakafu, mmoja mmoja, anapiga na anahema. Vidole vile vile vilivyomburuta jana.

Mama mkwe hakupiga kelele. Alinitazama mimi. Watu walipompeleka Shemeji hospitali, akanishika kiwiko. Jumatatu mvua ilipokuwa inanyesha, alisema, mwanangu huyu hakutoka ndani, alikuwa ananishikia beseni. Na huku kwetu nilisikia kidirisha chako cha chuma kikifunguka. "Sikulaumu, mwanangu. Sema tu."

Ijumaa, 17 Juni

Askari wa kike amekuja saa sita. Mfupi, kalamu mbili mfukoni. Mume wangu alimwekea kiti, akamweleza: ndugu yake alitaka kumuua kwa hewa ya makaa, ikashindikana, akaja na shoka, naye akajitetea. Anaeleza vizuri. Hata mimi nilikuwa naanza kuona.

Askari akauliza kama ninajua kuandika. Nikasema nimemaliza sekondari. Akaniachia karatasi, niandike kwa mkono wangu nilichokiona, ataifuata saa kumi. Alisema wazi: nikithibitisha, Shemeji akitoka wodini anaingia mahabusu, na kesi yake ni ya kutaka kuua. Nisipothibitisha, atakuwa na maswali mengine, na ya mtu mwingine. Akaitazama mikono mirefu ya gauni langu, akaenda zake.

Mume wangu ameshanipa maneno. Nilimwona Shemeji akiwa juu ya paa Jumatatu. Alikuwa na gunia. Ni mafupi. Ameyarudia mara tatu, kwa upole, ananichezea nywele.

Nampenda. Naandika hapa kwa kuwa karatasi ile haina nafasi ya hilo. Nampenda, na nimeona vidole vile.

Saa tisa na robo. Ameniletea mto niegemeze mgongo, akanibusu utosini. Sasa yuko uani anapasua kuni.

Kwenye karatasi nimeandika jina langu. Nimeandika mke wa nani. Nimeandika: Jumatatu asubuhi, mvua ikinyesha, mimi

Kuni zimenyamaza. Anauliza nimefika wapi. Nimemjibu nimefika Jumatatu.

"Hapo ndipo penyewe," amesema. "Nanawa mikono, naja tusome wote."

Mlango hauna komeo tangu ulipopasuliwa. Nimesogeza kiti, juu yake gunia la unga. Maji bado yanamwagika uani. Naenda kumalizia ile sentensi, kwenye karatasi, siyo hapa.