Ejok Mbili

Shikamoo Shangazi, kutoka njia ya Lodwar kwenda Kakuma!

Hema lako limepona, ingawa nusura lichukuliwe na maji. Jana alasiri mimi na mume wangu tuliegesha gari, tukaanza kusimamisha hema kwenye mto mkavu, mchanga laini kama unga. Mama mmoja akapita na mbuzi wake, akasema, "Ejok!" Muuza duka wa Lodwar alitufundisha kwamba kwa lugha ya huku ejok ni "nzuri", basi nikadhani anapasifu mahali petu. Nikamshukuru, nikaendelea kupigilia vigingi.

Akaja, akaanza kuving'oa mwenyewe. "Mimi nasalimia wewe tu! Hapa ni njia ya maji. Mvua imenyesha huko mlimani."

Juu hakukuwa na hata wingu. Tukahamia ukingoni huku tukinung'unika. Chai haijachemka, maji ya tope yakaja yakinguruma, yakapita palepale nilipokuwa nimetandika mkeka. Mama akatazama mto, akatutazama sisi.

"Sasa ejok," akasema. Tulicheka mpaka mbuzi wakatukimbia.

Ejok, Shangazi wangu, kwa maana zote mbili.

Mwanao,
Rehema