Mkoromo wa Mama Samsam

Ijumaa, 1 Februari 1957
Wakwe wa binti yangu Samsam wamekuja kutoka Naivasha. Pilau ya nguvu! Baada ya kula nikawachekesha na habari ya bibi yangu Kuluthum, mama yake Samsam, na kukoroma kwake. Nikasema gari moshi la Kisumu likipita hapa Bondeni usiku, dereva hupiga breki — anadhani kuna gari lingine mbele! Jirani yangu Bashir akamwaga chai. Mama mkwe wa Samsam akacheka mpaka akashika mbavu. Bado niko na ulimi.
Kuluthum hakucheka. Alikusanya sahani moja moja. Atapoa.

Jumamosi, 2 Februari
Hakupoa. Ameondoka na wakwe, ati kumsaidia Samsam na mtoto mchanga. Mlangoni akaniambia, "Leo utalala vizuri, Baba Samsam. Makelele hayo yanaondoka."
Kitanda chote changu! Kama gavana.

Jumapili, 3 Februari
Sikulala hata kidogo.
Kwanza nilidhani ni mbu. Nikamfukuza na kiatu, nikavunja glasi. Halafu nikadhani ni taa ya mafuta. Nikazima — bado. Ngiiiii! Nikatoka nje, bado. Nikaziba masikio na vidole — ndio ikazidi!
Basi ni mimi. Sauti iko ndani. Ni ule msumeno wa mashine ya mbao kule Elburgon, niliousimamia mpaka ndevu zikawa nyeupe. Niliacha kazi, msumeno haukuacha. Umehamia kichwani.
Mchana nilikuwa nausikia kidogo, nikidhani ni dunia tu.

Jumanne, 5 Februari
Bashir amenitia masikioni mafuta ya moto na vitunguu saumu. Sasa nanuka kama sufuria ya wakwe, na msumeno unakata tu. Saa ya mezani nimeiweka chini ya mto — sasa niko na msumeno na saa. Vumbi la Nakuru kila mahali, mvua hakuna. Ingenyesha juu ya mabati ningelala. Naangalia mbingu kama mbuzi.

Alhamisi, 7 Februari
Nimekwenda kwa dresa wa zahanati, Kiprugut, kijana mpole. Akamulika tochi ndani ya masikio.
"Mzee, ulifanya kazi gani?"
"Mashine ya mbao."
"Basi. Sikio limechoka, mzee. Dawa hakuna."
Nikauliza, litanyamaza lini? Akaita mgonjwa mwingine. Nilipofika mlangoni akanionea huruma, akasema nijaribu kulala mahali penye sauti sauti kidogo.
Nikasimama barabarani kama mtu aliyepigwa kofi. Sauti! Miaka yote hii nililala, na dawa yangu ilikuwa inakoroma hapo ubavuni. Nami nikaitolea mzaha, ikapanda gari ikaenda Naivasha.

Jumamosi, 9 Februari
Nimekwenda Naivasha. Kumwambia mwanamke rudi unikoromee, mbele ya wakwe waliocheka — ulimi ulikataa. Nikasema tu, "Mama Samsam, sikio langu linalia usiku kucha."
Akaacha kumwosha mtoto. "Linalia? Kila usiku?"
"Kila usiku."
"La kulia ama la kushoto?"
"Yote."
Akafunga mzigo wake palepale. Ndani ya basi midomo yake inaswali tu. Nami nikafurahi, mjinga mimi!

Jumapili, 10 Februari
Sasa nimeelewa. Kwenye chuo cha Kurani tulifundishwa wote: kuna mti huko juu, kila mtu ana jani lake na jina lake. Jani la mtu wa kufa likianguka hugusa majani ya jirani, na wenye majani hayo sikio huwalia. Unamswalia Mtume, inapita. Lakini likilia kila usiku, yote mawili — Kuluthum anasema jani hilo si la jirani. Ni langu, limelegea.
Kwa hiyo halali. Amekaa kwenye kigoda na tasbihi, ananiangalia kifua kama kinapanda. Taa inawaka. Kimya kabisa. Ngiiiii.

Jumanne, 12 Februari
Nimemwambia maneno ya dresa, msumeno na kadhalika. "Dresa ataona sikio," akasema. "Jani ataliona wapi?"
Nikasema ukweli wote: "Bibi, mimi nakutaka ukorome tu. Mkoromo wako ndio dawa yangu."
Lo! Akalia. "Hata sasa, Baba Samsam? Hata saa hii bado wanitania?"
Naapa sikutania. Mara ya kwanza maishani, na hakuna wa kuniamini.

Alhamisi, 14 Februari
Amesinzia jikoni, mkono ukaingia kwenye mafuta ya mandazi. Malengelenge mpaka kiwiko. Kiprugut amefunga bandeji, akaniuliza mama huyu halali? Nikaangalia viatu vyangu.
Usiku nilijifanya nimelala, ndio naye alale. Akaja kuniwekea kidole chini ya pua.
Atatangulia yeye, si mimi.

Ijumaa, 15 Februari
Naandika kitandani. Yeye kwenye kigoda, mgongo ukutani, mkono wa bandeji mapajani. Tasbihi inakwenda polepole. Imesimama.
Kichwa kimeinama.
Ameanza! Kwanza kama paka. Sasa lile gari la Kisumu lenyewe, linapanda mlima! Na sikio — yarabi — msumeno unazama, unazama. Wiki mbili! Nikazuia pumzi nisije nikamwamsha, nikasikiliza tu, nikasikiliza —
Akaruka! Hakusikia pumzi yangu.
"Baba Samsam! Uko?"
"Niko."
"Sema tena."
"Niko, mama. Lala."
Amevuta kigoda karibu zaidi. Ameniwekea kiganja kifuani, cha ule mkono mzima. Macho wazi kabisa. Tasbihi imeanza upya, na ndani humu msumeno nao umeanza.