Lambert Asicheze Alhamisi

Harrow Creek, Iowa
19 Novemba 1904

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mama hajambo? Kifua chake kimetulia? Mimi mzima, ila usingizi umenihama.

Nina swali la kidaktari, tafadhali libaki kati yetu. Mbeba mpira wangu, yule anayekimbia nao mikononi, Lambert Voss, Jumamosi iliyopita alipigwa goti kichwani. Aliinuka akacheza hadi mwisho. Tangu hapo kichwa kinamuuma, na jana aliniuliza mara tatu leo siku gani. Nikamwambia apumzike. Akacheka: "Kocha, kaka yangu alinitwanga zaidi ya hivyo tukigombea kitanda!"

Alhamisi, Siku ya Shukrani, tunacheza na timu ya Corliss. Wametufunga miaka sita mfululizo. Mkuu wa chuo, Bwana Ludlam, kaniita ofisini: "Kabla yako nilikuwa na makocha watatu, kijana. Wote niliwapenda." Bila Lambert sina timu.

Nijibu upesi.

Mwanao,
Orrin

Tabor's Ford
21 Novemba

Mwanangu Orrin,

Marahaba. Mama yako hajambo, kifua kimepoa, anakusalimu sana. Nimeacha chakula mezani ili hii iwahi treni.

Asicheze. Asikimbie, asibebe hata gunia. Anayesahau siku ameumia ndani ya fuvu. Pigo la pili, hata dogo, laweza kumuua. Kazi utapata nyingine.

Niletee simu ya maandishi kwamba umemkalisha.

Baba yako

Harrow Creek
26 Novemba

Baba,

Shikamoo. Naona haya hata kuuliza hali zenu.

Barua yako ilifika Jumatano. Niliutambua mwandiko, nikajua na kilichomo. Sikuifungua. Niliitia mfukoni, nikajiambia nitaisoma baada ya mchezo.

Tulishinda, sita kwa sifuri. Lambert ndiye aliyevusha mpira mstari, wenzake wakimsukuma kwa nyuma, Corliss nzima ikamwangukia. Walipoondoka juu yake hakuinuka. Watu walikuwa wanaimba jina langu.

Yuko hospitali. Anapumua, haamki. Mama yake amekuja kutoka shambani, akanishika mikono miwili akanishukuru kwa kumtunzia mwanawe. Sikumwambia habari ya barua yako.

Mwanao

Tabor's Ford
28 Novemba

Orrin,

Marahaba. Sisi wazima. Nakuja kwa treni ya Jumatano, nikamwone kijana.

Yule mama mwambie kabla sijafika. Si kazi yangu, wala si ya Ludlam.

Baba yako

Harrow Creek
14 Desemba

Baba mpendwa,

Shikamoo, na pole kwa safari. Natumaini umemkuta Mama salama.

Lambert alifumbua macho siku mbili baada ya wewe kuondoka. Anamjua mama yake, ananijua mimi. Mkono wa kulia haushiki kitu, na maneno yanamtoka moja moja. Daktari hataki kuahidi.

Mama yake hajanipigia kelele tangu nilipomwambia. Ila haniiti tena Kocha. Haniiti jina lolote.

Jana Ludlam kaniwekea mkataba wa miaka mitatu mezani. "Hakuna anayekulaumu, bwana. Sasa, mwakani nani atabeba mpira?" Nikamtazama usoni, nikaona ni kweli, hakuna anayenilaumu. Baba, sijawahi kuogopa vile. Nilitoka bila kuweka sahihi.

Kwa kina Voss kuna ng'ombe kumi na wanane, na Lambert hawezi kukamua. Nikamwomba mama yake anipokee nifanye kazi hiyo. Nilikuwa nimeshashika kofia yangu niondoke aliponijibu.

"Saa kumi na moja alfajiri," akasema. "Usichelewe."

Mwanao,
Orrin