Mpira Ulioanguka Katikati Yenu

Mpendwa baba,

Kwa kuwa sasa huwezi kunikatiza, niseme tu: mlifungwa. Miaka yote uliwahadithia wageni jinsi wewe na mjomba mlivyotwaa ushindi wa tenisi ya wanaume wawili wawili pale Nachingwea, na mama akiinamia ungo wake wa ufuta asionekane anacheka. Mlifungwa, baba, na mimi nilikuwepo.

Nilikuwa mdogo mno, ndiyo maana siku ile hunijia kama ndoto ya mchana. Vumbi jekundu linaelea, kanzu za Idi zinang'aa, na uwanja wa udongo wa kichuguu umesawazishwa mpaka unateleza. Wazungu wa mradi wa karanga wengi wao walikwisha kuondoka, wakaacha raketi na mipira iliyonyonyoka manyoya. Nyinyi mafundi wa karakana ya kambi yao mkaona isiwe tabu, mkaandaa mashindano yenu.

Majina yalichanganywa kwenye kofia, wewe ukaangukia kwa mjomba, kaka yake mama, seremala wa hapo hapo kambini. Hamkuwa mkisemeshana tangu nizaliwe. Ulitaka tuhamie kwako Nachingwea. Yeye akasema kwetu Wamwera mume ndiye huhamia kwa mke, na dada yake na mtoto hawatoki Mbekenyera. Basi tukabaki Mbekenyera, nawe ukawa baba wa sikukuu. Hata siku ile tulikuja kwa lori, na kesho yake turudi. Furushi la mama lilikuwa miguuni pake, fundo halijaguswa.

Mlifikaje fainali bila kusemeshana, sijui. Kila mmoja alilinda nusu yake kama shamba lenye mgogoro wa mpaka. Mpira ukianguka katikati mliutazama wote wawili, mkatazamana, kisha kila mtu akageukia kwake. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Mama hakucheka, alinishika mkono mpaka ukaniuma.

Ule mpira wa mwisho ulipanda juu sana. Kwangu mimi haujawahi kushuka upesi. Uko juu ya mikorosho, mdogo, unazunguka taratibu, na nyinyi mnarudi kinyumenyume huku mkisogeleana. Ndipo nikamsikia mjomba.

"Niachie, shemeji."

"Haya, uchukue," ukasema.

Akaupiga kwa nguvu zake zote. Ukagonga wavu, ukaanguka upande wenu, na mchezo ukaishia hapo.

Lakini hamkuondoka. Mlisimama pale pale mkibishana.

"Mrefu bure wewe," ulimwambia.

"Ningekuachia ungeupiga kwa kichwa."

Mkacheka, mkashikana mabega. Mjomba akatujia akijifuta jasho kwa kofia, akamwambia mama, "Huyu mtu wako kucheza hajui. Lakini lori la kesho msilisubiri."

Juzi baada ya hitima yako mjomba alikaa nami barazani. Amezeeka, macho hayaoni vizuri. Nilimuuliza habari za mechi ile, akasema bila kupepesa kuwa mlishinda. Sikumbishia, maana nilikuwa nalia. Nimekukumbuka sana, baba. Siku hizi nikipita ule uwanja, nyasi zimeumeza, nasimama kidogo naangalia juu.

Kuna jambo moja hukuliona, nami sikuwahi kukwambia. Mjomba alipotuacha, wenzako walikuwa wamekuzonga wakikutania. Mama hakungoja tufike nyumbani kwako. Alikaa chini vumbini, ukingoni mwa uwanja, na kanga yake mpya ya Idi, akalivuta lile furushi mapajani. Fundo lilikuwa limekaza. Akaanza kulifungua kwa meno.

Pumzika, baba. Wageni wakija nitawaambia mlishinda.

Ni mimi binti yako,
niliyekulia Nachingwea