Gia ya Pili Haiachii

Jumatatu, 1 Septemba

Nimetoka Bunju kabla jua halijachomoza, kama kawaida. Mguu wa bandia nimeuvaa kitandani, chai nimeinywa nimesimama. Gari limewaka bila maneno. Nimeingia barabara kubwa, nimekanyaga mafuta, nikasubiri gia ya tatu. Haikuingia. Injini inalia, mwendo uleule, bodaboda zinanipita kushoto na kulia. Halafu ghafla ikaingia kwa kishindo, kichwa kikarudi nyuma.

Nimefundisha asubuhi nzima nikiwa bado nakisikia kile kishindo.

Jumatano, 3 Septemba

Limezidi. Kwenye njia tambarare gia ya pili haiachii, ikiachia inapiga kama nyundo. Kwenye mwinuko wa Mbezi Beach ni kinyume: nakanyaga, injini inapandisha sauti, gari halivuti. Lori la nyuma likanipigia honi mfululizo. Nimesogea pembeni nikalia.

Jioni nimechomoa kijiti cha kupimia mafuta ya giaboksi. Yamepungua sana. Nimeinama kwa shida kuangalia chini ya gari. Hakuna hata tone. Sasa yanakwenda wapi?

Deo amepiga simu. Kaka yangu ana jibu moja tu. "Sabina, hiyo gari uza. Nunua ndogo kama watu wote, automatiki zimejaa mjini." Hajakosea. Ila hajui habari ya milango. Niliwahi kujaribu gari dogo la mwalimu mwenzangu. Siti iko chini, mlango mwembamba, goti la bandia halikunji vizuri. Nilitolewa kama gunia, wanafunzi wanatazama. Hili la Baba ni la zamani, pana, naingia na kutoka mwenyewe.

Halafu kuna hili. Nilipokatwa mguu wa kushoto niliapa sitaendesha tena. Baba akalivua gari turubai, akaniketisha kwenye usukani. Halina pedali ya klachi, akasema, mguu wa kushoto ungekuwa na kazi gani humu? Hakunipa pole hata moja. Tulizunguka uwanja wa mpira mpaka nikazoea. Alifariki mwaka huohuo.

Siuzi. Likifa hili, narudi kuwa mtu wa kubebwa.

Jumamosi, 6 Septemba

Temeke, gereji ya Mzee Omari. Ndiye anayelitengeneza gari hili tangu enzi za Baba. Automatiki za zamani mafundi wengi wanazikimbia, yeye hakukimbia kamwe.

Nimempa shikamoo, hakuitikia. Nikarudia. Kimya. Nimeumia kidogo. Aliponigeukia ndipo akatabasamu, kana kwamba nimefika muda huohuo.

Amejaza mafuta ya giaboksi, amekaza ule waya unaotoka kwenye pedali kwenda giaboksi. Tumezunguka mtaa pamoja. Mwinuko wa hapo mtaani umepandika, lakini kishindo kiko palepale. Na gari lilipokuwa bado halijajazwa mafuta, nilimwambia, "Mzee, inalia kama mbu, hapa chini ya miguu. Unaisikia?"

"Ndiyo, ndiyo," akasema. "Breki nitaziangalia."

Breki sikuzitaja.

Amesema nilete Jumamosi ijayo, anashusha giaboksi yote na kuifungua. Sikupenda. Vipuri vya ndani vya gari hili havipatikani. Likifunguliwa likashindikana, litabaki pale gereji, kuku watalitagia.

Jumapili, 7 Septemba

Nililaza katoni chini ya gari tangu jana. Iko kavu kabisa, hakuna tone.

Kanisani sikusikia mahubiri. Nina hasira na gari. Nina hasira na Mzee Omari. Na mguu. Zaidi mguu.

Jumanne, 9 Septemba

Deo alikuwa na shughuli Mwananyamala, akanikuta shuleni, akaamua kunifuata nyuma na gari lake mpaka Bunju asije akasikia nimekwama. Tumefika, ameshuka amekunja uso. "Unajua kama unafuka? Moshi mweupe. Kila ukiachia mafuta, unanipulizia mimi."

Amesema hilo kama sababu nyingine ya kuuza. Alipoondoka nimechomoa kijiti. Yamepungua tena, na yalijazwa Jumamosi.

Nilikuwa nimepika wali wa watu wawili, nimekula peke yangu. Sina raha.

Jumamosi, 13 Septemba

Naandika mchana, mkono bado una harufu ya mafuta.

Deo alikuja nami, akiwa tayari kunirudisha nyumbani bila gari. Tulimkuta Mzee Omari ameshapanga vyuma vya kushushia giaboksi. Mkewe, Bi Zainabu, alikuja na chakula akamwita kwa nyuma. Hakugeuka. Akamwita tena kwa nguvu. Hakugeuka. Akaenda akamgusa bega, mzee akaruka kama ameguswa na umeme. Bi Zainabu akanitazama, kisha akatazama chini.

Hapo ndipo nikaelewa. Shikamoo. Mbu. Breki.

Nilisubiri Deo aende kununua maji. Nikasimama mbele ya mzee, uso kwa uso, ili aone midomo yangu. "Mzee, masikio. Tangu lini?"

Nilidhani atanifokea. Aliweka spana chini. "Lilianza la kushoto," akasema. "Sasa na hili linafuata. Wateja wakijua, mwanangu, nani ataniletea injini? Zamani nilikuwa nasikia. Siku hizi nafungua."

Nafungua. Yaani anashusha giaboksi za watu kwa sababu hawezi tena kuzisikiliza. Hasira yangu yote iliisha palepale, nikabaki na aibu. Neno la pole lilinifika mdomoni nikalimeza. Najua linavyokera.

Nikamwambia, "Basi usifungue. Mie nasikia. Wewe niulize."

Akavuta stuli. Akauliza taratibu, nami namjibu nikimtazama usoni. Ule mlio wa mbu unakuja lini? Mafuta yakiwa chini, yakijazwa unapotea. Basi ni pampu inatafuta mafuta, akasema. Na kule mwinukoni, gari kutovuta? nikauliza. Nako ni mafuta kupungua, ilivuta siku ile tulipojaza. Akachomoa kijiti, akapaka mafuta kwenye karatasi, akanusa. Bado mekundu, hayana harufu ya kuungua. "Klachi za ndani hazijaungua," akasema. Alisema mara mbili, ya pili kama anajisemea mwenyewe. Kisha akasukuma vile vyuma pembeni kwa mguu.

Sasa kishindo? Na mafuta yanakwenda wapi kama hayamwagiki? Hapo tulikwama wote wawili.

Deo alikuwa amerudi, amesimama na chupa zake za maji, amechoka. "Ndo hiyo gari inayonifukizia moshi mweupe barabarani," akasema, hata siyo kwa mzee.

Mzee hakusikia. Nilimrudishia maneno yale, pole pole. Alinyanyuka kabla sijamaliza.

"Akikanyaga au akiachia?"

"Akiachia," nikasema.

Akaingia uvunguni. Ubavuni mwa giaboksi kuna kidude cha bati, kama kopo dogo, na mpira mwembamba unaokiunganisha na injini. Injini inavuta hewa kupitia mpira ule, na kwa mvuto huo, unaopungua dereva akikanyaga, giaboksi inajua amekanyaga kiasi gani, ibadilishe gia mapema au ichelewe. Ndani ya kopo kuna kiwambo, utando mwembamba wa mpira. Akauchomoa mpira, mafuta mekundu yakamdondokea kiganjani. Pale hapatakiwi kuwa na mafuta kabisa. Kiwambo kimepasuka. Injini ilikuwa inayanywa mafuta ya giaboksi na kuyatoa kama moshi, na giaboksi, kwa kukosa ule mvuto, ilidhani kila saa nimekanyaga mpaka mwisho. Ndiyo maana ilikuwa inachelewa, ndiyo maana inapiga.

Alinyoosha kile kiganja kutoka uvunguni tukione. Anacheka. Deo naye akachuchumaa na suruali yake safi.

Nyuma ya gereji kulikuwa na giaboksi iliyokufa ya gari la aina hiihii. Mzee alichomoa kopo lake, akaweka mdomo akavuta hewa, akaziba kwa ulimi. Likabaki limening'inia ulimini. Kiwambo chake ni kizima. Deo alimmulikia wakati analifunga.

Tumeondoka watatu, mzee mbele, Deo nyuma. Mzee aliweka kiganja sakafuni karibu na mkono wa gia, akafumba macho. Nilikanyaga kidogo. Sikusikia kishindo, sikuhisi kitu. "Imeingia," akasema mzee, kabla mie sijajua. Kidogo tena. "Imeingia." Alikuwa anahisi kwa kiganja. Niligeuza uso dirishani kidogo, machozi yasionekane.

Tulipokuwa tunarudi, Deo aliinama mbele kati ya siti. Akasema, "Haya. Usiuze."

Alhamisi, 18 Septemba

Mafuta ya giaboksi hayajapungua. Moshi hakuna. Mwinuko wa Mbezi Beach nimeupanda nikiwa nawaza mitihani.

Bi Zainabu amepiga. Mzee amekubali kwenda kupima masikio, lakini siyo kwa teksi na siyo na wanawe. Anataka nimpeleke mimi.

Jumamosi, 20 Septemba

Nimempeleka. Sikio la kushoto halirudi. La kulia watampa kifaa, akakichukue baadaye. Alipotoka hakuwa na huzuni wala furaha. Alisema daktari ni kijana mpole, basi.

Njiani kurudi Temeke foleni ilikuwa ndefu. Tunakwenda, tunasimama, gia zinapanda na kushuka zenyewe. Nilimsemesha, hakujibu. Nikageuka. Alikuwa amelala, kidevu kifuani, mikono imeachia mapajani.

Nimefika mlangoni kwake nikazima injini. Sikumwamsha. Bi Zainabu alichungulia, akaona, akarudi ndani bila kufunga mlango. Nimeteremsha kioo kidogo, upepo upite.