Sekunde Sita

Jumatatu jioni

Baba mpendwa,

Honi ya kumaliza mechi bado inalia masikioni mwangu, hata nimesahau kukuamkia. Shikamoo. Sikio la kushoto linaendeleaje?

Kaka ameshinda. Klabu yao imeingia fainali ya mashindano ya kimataifa ya floboli ya wanaume, ule mpira wa magongo wa ndani ya ukumbi, tatu kwa mbili. Lakini saa ya uwanjani nilikuwa nayo mimi. Mwenye zamu aliugua, nikakalia kiti chake. Kocha wa wageni alipoambiwa kwamba kipa ni kaka yangu, alisema tu, "Haidhuru, saa haina ukoo."

Mwishoni mpira uliruka nje ya ubao unaozunguka uwanja, refa akapiga filimbi. Nilipaswa kuisimamisha saa. Nilikuwa namtazama kaka anavyoinuka kwa shida kutoka kwenye magoti yake. Sekunde sita zikapita. Hakuna aliyeona. Wageni walikuwa nyuma kwa goli moja, na sekunde hizo zilikuwa zao.

Nikisema, huenda kaka akaikosa fainali aliyoingoja miaka tisa. Nisiposema, sijui nitaishi nazo vipi. Wewe umepiga king'ora cha kiwanda maisha yako yote. Nishauri. Barua namkabidhi jirani yetu dereva wa basi. Simu najua huisikii.

Binti yako


Jumanne mchana

Binti yangu,

Marahaba. Sikio limekufa, ulimi mzima. Mama yako anakusalimu. Anasema magoti yake yanauma kuliko ya kipa.

Nimeisoma barua mara mbili. Nyamaza. Siku uliyozaliwa wewe nilikipiga king'ora dakika mbili kabla ya wakati. Watu mia tatu wakaenda kwao, na hakuna aliyezirudisha. Sekunde sita ni chafya. Kaka yako ana miaka thelathini na minne, hatapata fainali nyingine. Usimwage mtama penye kuku wengi.

Na ule. Nakujua, ukiwaza huli.

Baba yako


Alhamisi asubuhi

Baba,

Shikamoo, na Mama pia. Sisi wazima, ila kaka ana alama nyekundu kifuani. Nitakueleza.

Barua yako ilinikuta nimeshaumwaga mtama. Jumanne asubuhi nilikwenda chumba cha kamati ya mashindano. Wakatazama video, wakahesabu: sita. Mzee mmoja akavua miwani, akasema, "Basi zichezwe."

Jana timu mbili zikavaa kila kitu kwa ajili ya sekunde sita. Kocha wa wageni akaulizwa nani ashike saa. Akaninyooshea kidole. "Huyo huyo. Hatarudia."

Kaka alikuwa hajanisemesha tangu Jumanne. Akapiga magoti golini, mikono mitupu bila gongo, kama makipa wote wa mchezo huu. Filimbi. Ule mpira wenye matundu ukaja unapiga mluzi, ukamgonga kifuani, ukaanguka mbele yake, akaulalia. Honi. Ndipo nikavuta pumzi, na nadhani ilikuwa ya kwanza tangu Jumatatu. Fainali ni leo saa kumi, wanacheza akina kaka.

Baadaye alinifuata hosteli, akajitupa kitini.

"Umenitoa roho, mtoto wewe."

"Pole."

"Pole hiyo ipake hapa kifuani." Kisha akacheka, akaanza kulegeza kamba za viatu. "Baba alikwambiaje?"

"Alisema niseme kweli."

"Nilijua. Yule mzee hata dakika moja hajawahi kuiba. Nipe barua yake niisome."

Nikamwambia iko jikoni, naifuata. Kabla hajavua kiatu cha pili, nilikuwa nimeshaichana.

Binti yako