Malalamiko ya Bi Okada wa Osaka

Jumatatu, Aprili. Theluji imerudi, na mimi sijatulia.

Wiki iliyopita nilishalitundika koti kubwa kabatini nikawa natembea na sweta. Leo asubuhi nimesimama kituo cha basi hapa Brooklyn Center na raba za kitambaa, vidole vimekufa ganzi, nawaza jambo moja tu. Todd ameshasoma, au hajasoma?

Kwa aliyeingia hapa leo kwa mara ya kwanza: naitwa Rehema, mtoto wa Morogoro. Nilisoma chuo hapahapa Minnesota, na sasa nafanya kazi Golden Valley, kwenye kampuni inayotengeneza mashine za gemu, zile za kuchomeka kwenye televisheni. Hapa Marekani zinatoka vizuri. Japani zinakaa dukani mpaka zinashika vumbi. Mimi na bosi wangu Todd tumepewa kazi ya kuandika mpango wa namna kampuni itakavyokua Japani, na Alhamisi hii unapelekwa kwa wakubwa. Mkataba wangu unaisha Juni. Todd ndiye atakayesema kama nabaki au nafungasha, maana kazi ikiisha na kibali changu cha kukaa nchi hii kinaisha nayo.

Basi ndiyo maana silali vizuri.

Yote yalianza Alhamisi iliyopita jioni. Tuliongea na Wajapani kwa video, kwetu jua linazama, kwao ni Ijumaa asubuhi. Kwanza walikuja wakuu wa maduka makubwa ya Tokyo, wanaume wa suti, na mkalimani katikati yetu. Walitusifu mpaka nikaona haya. Walisifu rangi ya mashine, wakasifu picha zilivyo safi, wakamuuliza Todd kama maziwa ya huku Minnesota, yale ya kuvulia samaki, bado yana barafu. Mwisho wakainamisha vichwa, wakashukuru sana, wakasema jambo hili watalifikiria kwa uzito wake. Hakuna aliyeuliza bei. Hakuna aliyeuliza mzigo unafika lini.

Wa mwisho alikuwa Bi Okada wa Osaka, mama wa makamo mwenye maduka madogo ya gemu aliyoachiwa na baba yake. Huyu hakusifu kitu. Alikuwa na mashine yetu mezani, na alianza nayo kabla hata salamu hazijaisha.

Kubwa mno, haiingii kwenye rafu iliyo chini ya televisheni. Feni inapiga kelele, na bibi wa watu amelala chumba cha pili, ukuta wenyewe mwembamba. Kitufe cha kukubali mmekiweka pale ambapo vidole vya wateja wangu vimezoea kukuta cha kukataa, kwa hiyo mtu anafuta kwa bahati mbaya gemu alilocheza wiki nzima, halafu anakuja kunigombeza mimi. Gemu mpya zinatoka kwenu kwanza, sisi mnatuletea baadaye kama kiporo. Ikiharibika inasafirishwa nje ya nchi, mteja anakaa mpaka anasahau kwamba aliwahi kuwa nayo. Mkalimani aliomba dakika ya kunywa maji. Bi Okada akamsubiri, akaendelea. Akamaliza kwa swali: boksi likifika dukani kwangu limebonyea, nampigia nani?

Todd alimshukuru kwa adabu zote, akazima kamera, akapumua. Kwenye jedwali letu wale wa suti akawapaka kijani. Bi Okada akampaka nyekundu. "Yule mama mgumu, tusimtegemee," akasema.

Mpango wake ukatoka siku iliyofuata. Bango kubwa kwenye stesheni ya treni Tokyo. Sherehe ya uzinduzi kwenye ukumbi. Kushirikiana na yale maduka makubwa. Ijumaa mchana akanionyesha, akaniuliza naonaje.

Nilihisi kitu hakijakaa sawa, ila sikujua ni nini, na mimi kwetu sikufundishwa kumwambia mtu mkubwa usoni kwamba kazi yake mbovu. Nikamwambia picha zimependeza. Nikamwambia rangi zimetulia, inaonekana ameitolea jasho. Mtu yeyote wa nyumbani angesikia kwamba kuhusu mpango wenyewe sijasema hata neno. Todd akatabasamu, akaandika jina langu chini ya lake ukurasa wa kwanza.

"Kazi nzuri, Rehema," akasema. Huwa anasema hivyo kila Ijumaa.

Jumamosi nilikwenda duka la Papa Kalala, Mkongo mmoja hapa mtaani kwetu anayeuza unga, mawese na dagaa. Niliwachambua dagaa kama kawaida yangu. Mbona wamevunjika vichwa, mbona wana mchanga, mbona mfuko umepungua na bei imebaki vilevile. Nikalipa. Papa Kalala akanifungia huku anacheka.

"Dada, kila juma unasema dagaa yangu mbaya, na kila juma unabeba. Bon, ni sawa."

Nikacheka naye. Nilipofika mlangoni nikasimama, mlango ukanipiga bega, na mtu aliyekuwa nyuma yangu akaniomba nipishe.

Mama yangu aliuza sufuria na ndoo soko la Morogoro, na mimi nimekulia chini ya meza yake. Mteja wa kununua alikuwa anamchosha kweli. Anaigonga sufuria kwa kucha, anaigeuza kitako, anasema bati jepesi, mkono umelegea, kwa jirani nafuu. Mama anajibu, wanabishana, wanataniana, na mwisho sufuria inafungwa kwa gazeti. Wapo pia waliopita wakasema mama, una vitu vizuri. Hao Mama aliwajibu asante mwanangu bila kuinua macho, akaendelea kupanga ndoo zake.

Miaka yote ile nimeona, halafu Alhamisi nikakaa mbele ya kamera kama mtu aliyezaliwa jana. Wale wa suti walisifu, wakapita. Bi Okada alikuwa ameshika sufuria anaigonga. Mtu anayeuliza boksi likibonyea ampigie nani, huyo kichwani mwake maboksi yameshafika dukani.

Na mimi Ijumaa nilimfanyia nini Todd? Nilimsifu, nikapita.

Nilirudi nyumbani na dagaa wangu nikashindwa hata kuwapika, kwa sababu wazo lilikuwa limeshakuja na jingine nyuma yake, na hilo la pili ndilo lililoniuma. Tangu nianze kazi pale, Todd hajawahi kunikosoa. Megan anayekaa meza ya pembeni yangu anarudishiwa kazi zake zimejaa wino mwekundu. Anaitwa chumbani, anatoka amenuna, anaandika upya. Mwezi wa tatu Megan amepewa kazi ya kudumu. Mimi kila Ijumaa naambiwa kazi nzuri. Nilikuwa nampigia Mama simu kumwambia bosi wangu ananipenda sana, jamani, hajawahi hata kunisahihisha.

Sikujua kwa nini Mama alikuwa anakaa kimya kwenye simu. Sasa najua.

Jumapili dada Wambui alinipa lifti kanisani. Wambui ni Mkenya ninayeishi naye, nesi katika hospitali moja ya Coon Rapids, na ana gari, kwa hiyo siri zangu zote huzisikia akiwa ameshika usukani. Nikamweleza mwanzo mpaka mwisho. Nikamwambia naogopa. Nikimwambia Todd mpango wake haufai, si ataniona sina shukrani? Na kibali je?

"Sasa wewe, ukinyamaza halafu hiyo plan ifeli na jina lako iko juu, hiyo kibali itabaki?" akaniuliza. Kisha akaniambia wodini kwake wagonjwa wanaomtoa jasho ni wale wananyamaza. "Mwenye analalamika, mimi najua panamuuma wapi. Tuma leo, Rehema. Ukingoja kesho utapata sababu ingine."

Ibada ilikuwa nzuri, naamini, maana sikuisikia. Chai ya baada ya ibada sikuingoja. Nilirudi nikakaa mezani, nikaandika mpango mwingine kutoka kwenye midomo ya Bi Okada. Bango tuliache kwanza. Tuwe na mafundi wa kutengeneza mashine hukohuko Japani. Mashine ndogo inayoingia kwenye rafu, feni isiyosikika chumba cha pili. Gemu zitoke siku moja kwao na kwetu, ziwe na sauti za Kijapani tangu mwanzo, na kitufe kikae pale vidole vyao vinapokitafuta. Tutafute watengenezaji gemu wa kwao, wadogo, tuwaache waamue wenyewe gemu liweje badala ya kuwapigia simu kila asubuhi kutoka Golden Valley. Na tuanze na maduka kama ya Bi Okada, hata kama ni machache.

Juu ya barua pepe niliandika hivi: Todd, Ijumaa nilikusifu kwa sababu sikutaka kukuvunja moyo. Samahani. Huu mpango hautafika popote, na nadhani najua sababu.

Nilisoma sentensi ile mpaka Kiingereza chake kikawa kigeni. Nikatuma. Nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi.

Haya, ndio tumefika leo asubuhi, raba za kitambaa na vidole vya ganzi.

Todd alikuwa ameshafika. Hakunisalimia na ule uchangamfu wake, akanionyesha mlango wa chumba kidogo cha mikutano. Mpango wangu alikuwa ameuchapisha. Akafungua kurasa moja moja, mimi natazama theluji dirishani inavyofunika magari, nahesabu kichwani nani atanisaidia kubeba masanduku.

"Inavutia," akasema mwishowe.

Watu wa hapa hutumia neno hilo wakipewa chakula wasichokipenda. Nikajiandaa kusikia kazi nzuri, Rehema, halafu mpango wa bango uendelee kama ulivyo, halafu Juni.

Lakini akafungua kofia ya kalamu. Akauliza mafundi wa Japani atawalipa nani, mbona sijasema. Akasema ukurasa wa tatu mrefu mno, mkubwa gani atausoma. Akasema nimemwamini mama mmoja tu, kwamba kama Bi Okada ana kisa chake binafsi na sisi nitajuaje, nitafute wengine wenye maduka kama lake niwasikilize. Akasema wazo la watengenezaji gemu wadogo ni zuri, na nimeliandika vibaya. Alisema vilevile, kwa sauti ndogo, kwamba alitamani ningemwambia Ijumaa. Nikamwambia hata mimi. Masikio yalikuwa yanawaka moto, nataka kulia, na hapohapo nabishana naye kuhusu feni.

Tulibishana mpaka watu wa mkutano mwingine wakaja kutugongea mlango.

Akanirudishia karatasi zimejaa wekundu. Ukurasa wa kwanza amekata jina lake, limebaki langu peke yake. Sijui maana yake. Labda ananipa heshima. Labda anajitoa mapema ili kikiharibika kiharibike na mimi. Nilitaka kumuuliza nikashindwa, tabia haifi kwa siku moja. Akasema nimletee upya Jumatano asubuhi, na akaondoka.

Nimekaa kwenye basi la kurudi karatasi zile zikiwa mapajani, nazisoma kila basi linaposimama kwenye taa nyekundu. Bado naogopa. Alhamisi wakubwa wanaweza kuutupa mpango huu, na Juni iko palepale ilipo. Lakini tulipokuwa tunakaribia Brooklyn Center nikagundua kitu, nikarudia kukikumbuka mkutano mzima kuanzia mwanzo ili nihakikishe.

Todd hajasema kazi nzuri. Hata mara moja.

Dada Wambui amenikuta jikoni nakaanga dagaa na kuimba, akauliza kama nimepandishwa cheo. Nikamwambia nimekosolewa mpaka basi. Akaniangalia vizuri, akachukua sahani.

Kesho jioni nampigia Bi Okada. Naomba Mungu awe bado ana malalamiko.